Gari ya kuendeshwa na misuli, maili 60 kwa saa? Tuongee spidi kwanza

Haya wadau karibuni sana, leo hamna simu wala redio ya gari, leo tunaongelea gari yenyewe, ila ni gari ambayo nguvu yake inatoka kwa watu waliokaa ndani. Mnaijua ile klipu, watu wanne wamekaa wawili mbele wawili nyuma, wanavuta na kusukuma mipini mikubwa kwa staili ya kupiga makasia, gari inakata kona wenyewe wanalalia upande mmoja na inakwenda kweli. Klipu hii inapotea, inarudi, inapotea tena, na kila ikirudi kwenye magrupu inakuja na ile namba yake, maili 60 kwa saa, yaani kilometa 97 hivi. Na mi kila ikirudi nahisi hapana, hii namba lazima mtu akae chini aichambue vizuri, kwa sababu wapo watu wanaanza kuulizia bei.

Gari inaitwa HumanCar, ni ya Marekani, Oregon, imebuniwa na injinia anaitwa Charles Greenwood ambaye wazo lenyewe amelibeba tangu miaka ya sitini. Toleo lililotangazwa kwa ajili ya kuuzwa liliitwa Imagine PS, bei iliyotajwa ilikuwa dola 15,500 hivi, na waliahidi lingeanza kutoka 2011. Kama kazi ya ubunifu mi naiheshimu sana, nasema kabisa, ile mipini inatumia mikono, miguu, mgongo, tumbo, mwili mzima unafanya kazi, na kukata kona kwa kulalia mwili ni kitu kimefikiriwa na mtu anayejua anachokifanya. Ugomvi wangu uko kwenye spidi tu, na namna ile spidi inavyotembea peke yake bila maelezo yake.

Sasa twende kwenye hesabu, msiogope, ni hesabu ya kawaida. Nguvu tunaipima kwa wati. Mtu wa kawaida kabisa, anayekaa ofisini au dukani, anaweza kutoa kama wati 100 mpaka 150 kwa muda mrefu bila kuzimia. Mtu wa mazoezi, anayepanda baiskeli kila wiki, tumpe 250 kwa lisaa lizima, na hapo jasho linamtoka kweli. Kwahiyo nawapa hii gari watu wanne wa mazoezi, siwapi watu wa kawaida, nawapa wale wenye mapafu, wanne mara 250 ni wati 1000. Hiyo ndo injini yetu. Wati 1000 ni nguvu ya farasi moja na theluthi hivi, gari ndogo tu ya petroli inazo sitini sabini.

Mtu atasema lakini si wanatumia mwili mzima, mikono na miguu pamoja, si nguvu inaongezeka? Kwa sekunde chache ndio, inaongezeka. Ila ukishapita dakika mbili tatu kinachokubana sio misuli tena, ni moyo na mapafu, ni oksijeni kiasi gani inafika kwenye damu, na hiyo haiongezeki kwa sababu umeongeza mikono. Kwahiyo mipini ni mizuri, inagawa kazi mwilini, mgongo unafaidi, ila haikupi injini ya pili.

Haya, gari nalo tulipe uzito, tuseme kilo 200 gari na kilo 75 kila mtu, jumla kilo 500. Ni gari ya wazi, vichwa vinne viko nje, mabega manane yanapigwa na upepo, mipini inakwenda mbele na nyuma. Hewa inaipinga gari kama hiyo vibaya mno. Mi nimepiga kwa makadirio ya huruma kabisa, barabara tambarare, lami nzuri, hakuna upepo, na wale wanne na wati zao 1000 wanafika kilometa 34 kwa saa hivi. Thelathini na nne! Na mi nasema hiyo ni nzuri jamani, watu wanne kwenda mwendo huo bila tone la mafuta ni kitu cha kupigiwa makofi, sielewi kwanini haitoshi mpaka tuambiwe 97.

Kwa sababu ukitaka 97 kwenye tambarare hiyohiyo, kwa gari hiyohiyo, unahitaji wati elfu 13 karibu. Sio mara tatu ya ile ya mwanzo, ni mara 13. Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanadhani spidi ikizidi mara mbili na nguvu inazidi mara mbili, hapana, hewa haiendi hivyo, spidi ikizidi mara mbili nguvu ya kuisukuma hewa inazidi mara nane. Gawanya elfu 13 kwa watu wanne, kila mmoja atoe zaidi ya wati 3,000. Wale wakimbiza baiskeli wa uwanjani, wale mapaja yamejaa kama magogo, wanagusa elfu 2 na kidogo kwa sekunde chache tu alafu wamekwisha. Kwahiyo unaniambia familia, baba mama na watoto wawili, wawazidi hao, alafu waendelee hivyo mpaka wafike sokoni? Haiwezekani, na hapo sio swala la mimi kutopenda vitu vipya, mwili wa binadamu hautoi hiyo.

Sasa ile 97 inaweza kutoka wapi, maana sisemi mtu ameitunga. Mteremko. Nimeipiga pia, chukua gari yetu ya kilo 500, iachie kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unashuka mita 10, watu wote waweke mikono mapajani wasiguse kitu, itafika kilometa 97 kwa saa yenyewe. Yenyewe! Hiyo ni dunia inavuta, hamna mtu aliyevuta mpini. Wadau wa Burundi mnalijua hili kuliko mtu yeyote, wale vijana wanaoshuka na baiskeli zimejaa mikungu ya ndizi kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, wanashuka spidi inayotisha, na hakuna mtu Bujumbura anayesema hiyo ndo spidi ya baiskeli ile, kwa sababu watu haohao wanaonekana wakirudi juu wameng'ang'ania nyuma ya malori. Mteremko wanaujua ni mteremko. Na kuna ajali nyingi mbaya pale, watu wamekufa, kwahiyo spidi ya mteremko kwenye chombo kidogo sio kitu cha kuweka kwenye tangazo kwa fahari.

Alafu kuna mota. Toleo lile la kuuzwa lilikuwa na mota ya umeme na betri, na hilo halina ubaya, mi napenda sana vyombo vya kuchanganya misuli na mota. Ila ukishaweka mota inayosukuma, ile spidi ni ya mota. Wapo wanaolisema hili wazi, kuna Twike, asili yake ni Uswisi baadaye ikahamia kutengenezwa Ujerumani, matairi matatu, watu wawili, unakanyaga pedali na mota ya umeme inafanya kazi kubwa, inafika 85 kwa saa, na kila anayeinunua anajua kwamba 85 inatoka kwenye betri na miguu yake inaongezea kidogo. Huyo kanunua akiwa macho wazi.

Wengine watasema mbona kuna watu wamekwenda zaidi ya hapo kwa misuli tupu. Ni kweli, na hapa ndo napenda sana kupaongelea. Kule Nevada, Battle Mountain, watu wa vyombo vya misuli wamekuwa wakikutana kwa miaka mingi kwenye barabara moja iliyonyooka, na tarehe 17 Septemba 2016 Mkanada Todd Reichert alipita pale kilometa 144.17 kwa saa, misuli yake peke yake, hamna mota. Mia moja arobaini na nne! Ila angalia alichopanda. Chombo kinaitwa Eta, mtu mmoja amelala chali ndani ya ganda la kaboni, limemfunika mwili wote na kichwa, na hakina hata kioo cha mbele, anaona nje kwa kamera na skrini, kwa sababu hata kioo kingeharibu mtiririko wa hewa. Kuondoka anashikiliwa na watu, kusimama anadakwa na watu. Anakimbiza kama kilometa 8 ndo aingie kwenye zile mita 200 za kupimwa. Barabara iko juu, mita 1,400 hivi toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, na sheria ya rekodi inasema mteremko usizidi theluthi mbili ya asilimia moja na upepo usizidi kiwango fulani, vinginevyo haihesabiwi. Vyote hivyo vimeandikwa. Ukisoma rekodi yake unasoma na masharti yake.

Na watu wawili je? Mwaka 1980 kulikuwa na chombo kinaitwa Vector, wawili wamelala wamepeana migongo, mmoja anaangalia nyuma, wamefunikwa chote, wakapata kilometa 101 kwa saa. Sasa hao walijifunika mpaka kidole na walikuwa wanamichezo, wakaipita 97 kwa kilometa nne tu. Afu gari ya wazi ya watu wanne wamekaa wima ndo ifike hapo kwenye tambarare? Hapana jamani.

Hata mwanadada Denise Mueller-Korenek, 2018 kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, alikwenda kilometa 296 kwa saa juu ya baiskeli. Juu ya baiskeli! Ila alikuwa nyuma ya gari ya mashindano iliyomkinga hewa yote, na kila habari inayomtaja inalisema hilo, yeye mwenyewe analisema. Ndo maana namuamini. Ukinyofoa ile gari ya mbele ukabakiza 296 tu umeshamdanganya mtu hata kama namba ni ya kweli.

Kwahiyo ukiona mtu anauza chombo cha misuli na anakupa spidi, muulize barabara ilikuwa na mteremko kiasi gani, mota ilikuwa imezimwa au imewashwa, alikaa na hiyo spidi dakika ngapi, nani alikuwa anapima. Akikujibu vizuri, hata kama ni kilometa 25, huyo ni muuzaji wa maana, mnunulie. Hawa watu wa velomobaili kule Uholanzi wanaojenga zile baiskeli za matairi matatu zilizofunikwa, mtu mmoja wa mazoezi anakaa kwenye 45 mpaka 50 kwa saa kwenye tambarare, na hawajawahi kuhitaji kusema 97. Kwa dola 15,500 mi ningeenda kwao, na chenji ningerudi nayo.

Na kabla sijatoka, kuna kitu matangazo ya hizi gari huwa hayakigusi kabisa, kupanda. Gari yetu ileile, wanne walewale wa mazoezi, mlima wa kawaida tu wa asilimia 5, wanapanda kwa kilometa 12 kwa saa. Sasa washushe watatu, maana siku nyingi utakuwa peke yako unaenda kazini, gari kilo 200 na wewe 75, unatoa wati 150 kwa bidii zako zote, mlima huohuo unaupanda kwa kilometa 3 na kidogo kwa saa. Mama aliyebeba ndoo kichwani anakupita. Mkiulizia bei ya hizi gari, ulizieni na hiyo.