Dalton: pakiti zilezile, walinzi watatu

Mwezi Machi muuzaji mmoja alinifuata ofisini, kwenye chuo ninachotunzia mtandao hapa Morogoro, akiwa na boksi la kunasa wavamizi. Taa za kijani mbele, feni inaunguruma, na bei ambayo mhasibu wetu akiisikia anaweza kulazwa. Nikamuuliza ndani kuna injini gani. Akazunguka mbuyu, nikambana, akakiri ni Suricata, programu inayosoma mawasiliano ya mtandao na kupiga kengele ikiona dalili za uvamizi. Sasa, Suricata inapatikana bure tangu OISF, taasisi inayoitengeneza, walipotoa toleo la kwanza la majaribio mwishoni mwa 2009. Nikamwambia, kaka, niachie wiki tatu nijipimie mwenyewe.

Ndivyo nilivyoangukia Dalton. Ni programu ya bure iliyotolewa na Secureworks. Unaipa faili la pcap, yaani pakiti (vipande vya data) zilizonaswa mtandaoni na kuhifadhiwa, nayo inazipitisha mbele ya injini unayoitaka. Kila injini ina kontena lake la Docker, yaani chumba chake chenye kila inachohitaji: Suricata huku, Snort kule, Zeek pembeni (hizi mbili nazo ni injini za kulinda mtandao), hakuna anayegombania maktaba za programu za mwenzake. Wewe unakaa kwenye kivinjari, unapakia faili, unachagua injini na kanuni (maelezo ya nini kipigiwe kengele), unabonyeza. Kazi inaingia foleni. Wakala aliyemo ndani ya kontena hupita kuulizia kama kuna kazi, anaichukua, analeta majibu.

Nianze na lililoniudhi: kuisakinisha. Maelezo yanasema uendeshe skripti moja tu, na kweli ni moja. Ila Suricata na Snort haziji zikiwa tayari. Unashushwa msimbo wake na kujengwa palepale. Laptopu yangu ya RAM GB 8 ilihema saa moja na nusu, bando la GB 5 likakata katikati, na niliponunua jingine umeme nao ukaaga. Nilimaliza kwa bando la usiku, saa tisa, nimejifunika shuka kwa ajili ya mbu. Ukishavuka hapo haikusumbui tena.

Kile kipindi cha kusubiri bando kilinifaa, maana nilijaribu kwa mkono bila Dalton: kontena la Suricata, kontena la Zeek, pcap moja. Pcap nilijinasia kwenye seva yetu nikiufungua ukurasa wa testmynids.org, ambao hurudisha maneno "uid=0(root)" ili kanuni namba 2100498 iyadake. Suricata ikalia mara moja. Zeek si mpiga kelele, yenyewe huandika kumbukumbu za kila mazungumzo, lakini hata kumbukumbu zake hazikuonyesha ombi langu. Nikaanza kuisema vibaya kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi.

Kumbe onyo lilikuwa kwenye skrini, mimi ndiye sikulisoma: cheksamu mbovu, yaani namba ya kuhakiki kwamba pakiti haijaharibika haikulingana. Seva nyingi huiachia kadi ya mtandao ikokotoe cheksamu mwishoni kabisa, wakati tcpdump, programu ya kunasa pakiti, imeshainasa pakiti kabla kadi haijaigusa. Kwenye faili, kila pakiti iliyotoka kwenye seva yangu inaonekana imeharibika, na Zeek huzitupa. Kanuni ile ya Suricata ilitazama jibu, na jibu lilikuja kutoka nje likiwa na cheksamu safi. Nikaongeza -C kwenye amri ya Zeek (kwa Suricata ni -k none) na ombi langu likajitokeza. Nilirudi kwenye kundi kuomba radhi. Bado wananitania.

Kwenye Dalton yenyewe, raha ni kurudia. Nilichukua pcap za mazoezi kutoka tovuti ya Brad Duncan, malware-traffic-analysis.net, nikaongeza za maabara yetu. Jaribio moja lilinifundisha kuliko mengine yote: HTTP ya kawaida, ila kwenye poti (namba ya mlango) 6060, si ile yake ya kawaida. Suricata ilitambua kuwa ni HTTP kwa kusoma mazungumzo yenyewe. Snort 2.9 inategemea orodha ya poti iliyoandikwa kwenye mipangilio yake, na 6060 haikuwemo, kwa hiyo ikapita kama haipo. Niliiongeza kwenye orodha, nikatuma kazi upya, ikanasa. Na usitegemee kuzipa zote kanuni moja: ile inayoanza na "alert http" Snort 2.9 iliikataa katakata.

Jambo jingine ni HOME_NET, kigezo kinachosema anwani zipi ni za nyumbani, yaani za mtandao wako. Kanuni nyingi za ET Open, mkusanyo wa kanuni za bure, hutazama kati ya nyumbani na nje, na kwa kawaida nje maana yake ni kila kisichokuwa nyumbani. Nilipojaribu mwanafunzi anayeichunguza kompyuta ya jirani yake maabara, zote mbili zilikuwa nyumbani, hivyo nyingi zilikaa kimya. Dalton inakuruhusu kubadilisha vigezo hivyo kabla ya kutuma. Nikaweka EXTERNAL_NET (ile nje) kuwa any, yaani popote, kelele zikaanza, nyingine za uongo mtupu.

Dalton haikuambii kasi. Faili husomwa kwa mwendo wa injini, hakuna pakiti inayodondoka, kwa hiyo usiseme Suricata itamudu laini yenu ya gigabiti kumi kwa kuwa imemaliza pcap kwa sekunde nne. Pia kwangu ukurasa haukuomba nywila. Pcap ina nywila za watu na barua zao. Mimi niliifunga kwenye 127.0.0.1, ifunguke kwenye kompyuta yangu yenyewe tu, na ndivyo itakavyobaki.

Naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na bando. Kama una injini moja tu ya kupima, kontena lake peke yake na amri moja vinatosha, usijitese. Mimi nimechagua Suricata, na si kwa sababu ya yule mnyama wao wa jamii ya nguchiro, japo nampenda.

Muuzaji alirudi Jumatatu. Nikampa flashi yenye pcap ya mazoezi, si ya chuo, nikamwomba boksi lake liisome mbele yangu. Akasema boksi halisomi faili, lakini atalipeleka ombi langu kwa wataalamu wao. Flashi bado anayo.