Neno "work" katika Oxford English Dictionary: tathmini kwa wafasiri

Anayefasiri Kiingereza kwa Kiswahili hukutana na neno "work" karibu kila ukurasa, na kwa kuwa "kazi" iko tayari mdomoni, huiandika na kuendelea. Mara nyingi hakosei. Mtego upo pale riwaya ya zamani inaposema kwamba uso wa mjane ulikuwa "working", au habari za vita zinaposimulia jinsi askari walivyoziteka "works" za adui. Katika sentensi ya kwanza uso unakunjamana kwa uchungu; katika ya pili zilizotekwa ni ngome na mahandaki. Kwa sababu ya mitego hiyo nimeamua kuipima Oxford English Dictionary kwa kitomeo hiki kimoja tu, yaani neno "work" pamoja na maelezo yake.

Kamusi hii hupanga maana kwa kufuata umri wake, si kwa wingi wa matumizi ya leo, na chini ya kila maana huweka nukuu zenye mwaka, ili msomaji aone maana ilipozaliwa na, kama imekufa, ilipoachwa kutumika. Nukuu za toleo la kwanza zilikusanywa kwa msaada mkubwa wa wasomaji wa kujitolea, walioziandika kwenye vipande vya karatasi na kuzituma kwa posta. James Murray, aliyeuongoza uhariri tangu 1879, alifariki mwaka 1915 bila kuliona neno hili likichapwa. Lilitoka mwaka 1928, katika sehemu iliyoikamilisha kamusi nzima, kwa kuwa X, Y na Z zilikwisha kuitangulia sehemu ya mwisho ya W.

Faida ya mpangilio huo ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Maana ambazo kamusi ndogo huzirundika bila maelezo hapa huonekana zikichipuka kutoka shina moja: tendo lenyewe, kisha kitu kinachotokana na tendo, kisha mahali tendo linapofanyika. Ndiyo maana neno lilelile hutaja tamthilia na mashairi ya Shakespeare, na pia kiwanda cha kuyeyushia chuma. Kwa upande wa kitenzi, mwokaji hukanda unga, mkulima hulima shamba, mfua chuma hufua, na hamira huumua. Kiingereza kinaweza kuyasema yote hayo kwa "work", nasi tunacho kitenzi mahususi kwa kila moja. Mfasiri akishaliona hilo hatathubutu tena kuandika kwamba mtu "anafanyia kazi unga". Maelezo ya asili ya neno nayo yana utajiri wake, kwani yanaliunganisha na "wrought", umbo lake la kale lililobaki katika jina la chuma cha kufuliwa, na "wright", yaani fundi, na hata neno la Kigiriki "ergon", ambalo ndilo chimbuko la neno la Kiingereza la nishati.

Kasoro zipo, na kubwa ni kwamba mpangilio wa umri humchosha anayetafuta maana ya leo kwa haraka. Maana zilizokufa zimewekewa alama ya msalaba mdogo, lakini mwanafunzi asiyeijua alama hiyo anaweza kuichukua maana iliyoachwa kitambo akaiweka katika insha yake.

Toleo la pili, la mwaka 1989, lina majuzuu 20, na "work" imo katika la mwisho. Toleo la mtandaoni, lililoanza mwaka 2000, huhitaji malipo ya usajili, ingawa maktaba nyingi za umma za Uingereza huwafungulia wanachama wake bure. Kwa mwalimu wa sekondari gharama hiyo sioni kama inastahili, kwa sababu kamusi nzuri ya wanafunzi itamtosha. Kwa anayefasiri riwaya, historia au sheria, ningemshauri ashinikize chuo au mchapishaji wake alipie.