Oksitosini au misoprosto baada ya mtoto kutoka?

Zote mbili ni dawa za kukaza mfuko wa uzazi ili mama asivuje damu nyingi. Zahanati ikiwa nazo zote, mimi sijiulizi: oksitosini. Uniti 10 kwenye msuli wa paja, ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka, ukishapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha. Mfuko wa uzazi hujikaza haraka, na mama hasumbuki sana. Tatizo lake friji: inataka nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Na baridi ya Makete isikudanganye. Dirishani si kwenye friji. Jua la mchana likipiga, dawa inapungua nguvu huku kichupa kinaonekana kizima kabisa.

Hapo ndipo misoprosto inapopata heshima yake. Vidonge 3 vya mikrogramu 200, mama anameza kwa maji, basi. Ila atatetemeka, pengine na homa ipande, na mama mkwe ataanza kusema malaria. Waeleze mapema, mfunike khanga na blanketi.

Yoyote utakayotoa, bado kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo papasa mfuko wa uzazi hapo kwenye kitovu: pawe pagumu kama mpira. Pakiwa teketeke, sugua, mwambie akojoe, angalia pedi, ita mwenzako.