Utah nendeni, lakini kampuni iliyotutembeza sisi siwasamehe

Nyota moja, na hiyo moja ni ya Utah, si yao.

Sisi tunaoishi Salt Lake City, huku Utah, Marekani, mgeni akija kutoka nyumbani lazima tumpeleke kusini akaone majabali mekundu. Mama yangu alikuja mwishoni mwa kiangazi. Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, nikaona bora nilipie kampuni ya watalii yenye gari la kukaa vizuri na dereva anayejua njia ya kwenda kwenye hifadhi za taifa: Arches, Capitol Reef, Bryce, Zion. Na hela yao si ndogo.

Arches sikuwa na neno. Dereva alieleza kwamba chini ya yale mawe kuna tabaka nene la chumvi lililoachwa na bahari ya kale. Chumvi ikasogea, mwamba wa juu ukapasuka, maji na barafu vikautoboa kidogo kidogo hadi yakabaki matao. Kupanda hadi Delicate Arch, lile tao maarufu, mama hakuweza, akaitazama kwa mbali kutoka chini, akaridhika. Mpaka hapo ningewapa nyota nne.

Capitol Reef ndipo walipoharibu. Humo ndani, kando ya mto Fremont, kuna mahali panaitwa Fruita. Walowezi wa dhehebu la Mormoni walianza kupanda miti ya matunda pale miaka ya 1880, na hifadhi inaitunza hadi leo. Msimu wa kuvuna ukifika unaingia, unachuma mwenyewe. Ukila palepale hulipi. Unachobeba unakipima kwenye mizani, hela unatumbukiza kwenye sanduku.

Mama yangu ni mkulima wa Lushoto. Mapeasi na maplamu ndiyo yaliyonisomesha. Alipoona mapeasi yananing'inia chini ya majabali yale alikuwa wa kwanza kushuka garini, magoti kayasahau. Analishika peasi, analiinua taratibu mpaka lilale. Kikonyo kikiachia chenyewe anatia mfukoni, kikigoma analiacha mtini. Mzungu mmoja na mkewe wakasimama kumwangalia, kisha wakaanza kumuiga. Mama anacheka. Tangu afike Marekani sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Mara honi. Hata robo saa haijaisha, honi! Na ni dereva huyuhuyu aliyetuweka mji wa Moab asubuhi ile karibu saa nzima kwenye duka la kofia na vikombe. Mama akapima mapeasi yake, akalipa, akaja anajikongoja na mfuko. Dereva akamzuia mlangoni: matunda hayaingii garini mwake. Nikamwambia kwa upole kwamba yamelipiwa, mfuko umefungwa, nitaupakata mwenyewe. Akaunyakua mfuko mkononi mwa mama, akautupa kwenye pipa la taka. Mbele yetu! Na kiti cha mbele kuna abiria anatafuna krispi, hakuambiwa kitu.

Mama hakusema neno. Tukashika barabara ya 12, kuna mahali inapita juu ya mgongo wa jabali, bonde kulia, bonde kushoto, wenzetu wanapiga picha, yeye anatazama mikono yake. Bryce dereva akahubiri jinsi maji yanavyoganda na kuyeyuka ndani ya nyufa, karibu usiku 200 kwa mwaka, mpaka mwamba unachongeka kuwa minara ya mawe. Mimi naliona pipa tu. Zion nayo sikumbuki vizuri, na Zion ndiyo niliyokuwa nikimsimulia mama kwenye simu miaka yote hii.

Kwa hiyo zile nyota nne za Arches nazifuta. Habari za chumvi zimeandikwa kwenye mbao za hifadhi, hazihitaji mtu asiye na adabu kwa wazee. Hata ile moja naona nimewapa bure.

Ila msiache kwenda. Kodini gari lenu, shikeni barabara ya 24, Fruita iko njiani kabisa. Mkiwa na mzazi, mwacheni achume mpaka atosheke.

Kampuni wamenijibu kwa kunipa punguzo la safari ijayo. Sitaki punguzo. Nataka dereva yule ampigie mama yangu simu amwombe radhi. Namba yangu wanayo kwenye fomu. Nitamtafsiria neno kwa neno.