Chanjo ya homa ya mafua katika famasi moja ya Kijitonyama: jokofu la kuaminika, bei ya kuulizwa mara mbili

Nyumbani kwetu mafua yakiingia, anayeumia zaidi ni mama, ambaye ana miaka 68 na pumu ya siku nyingi. Mwezi uliopita daktari wake alimshauri achanjwe dhidi ya homa ya mafua, na kwa kuwa chanjo hiyo haimo katika ratiba ya chanjo za taifa zinazotolewa bure, tuliifuata katika famasi moja ya Kijitonyama yenye kliniki ndogo mlango wa pili, ambako mfamasia hutunza dawa na muuguzi ndiye anayechoma sindano. Nami nilichanjwa siku hiyo hiyo, maana ndiye ninayebanana kwenye daladala kila asubuhi na kurudi jioni na kikohozi cha watu wengine.

Jambo nililolikagua kwanza ni jokofu. Chanjo ya homa ya mafua inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi huidhoofisha, ikiganda huharibika, na mara nyingi ukiitazama kwa macho huwezi kujua kama imepatwa na lolote kati ya hayo. Vichupa vya baadhi ya chanjo za watoto vina alama ndogo inayobadilika rangi kadiri vinavyopigwa na joto, lakini sindano niliyoonyeshwa, ambayo huja ikiwa imeshajazwa dawa kiwandani, haikuwa na alama hiyo. Ushahidi uliobaki ulikuwa kumbukumbu za famasi yenyewe, na katika jiji ambalo umeme hukatika bila kubisha hodi, niliona nina haki ya kuziomba.

Mfamasia hakukereka. Alifungua jokofu, nikaona ni la dawa pekee, bila chupa ya maji ya kunywa wala chakula cha mchana cha mhudumu, maboksi yakiwa kwenye rafu za kati na kipimajoto kikisoma nyuzi 5. Kisha akaleta daftari ambamo joto huandikwa asubuhi na jioni. Wiki iliyotangulia palikuwa na mstari wa wino mwekundu: umeme ulikatika saa nane mchana, jenereta ikawashwa, joto likapanda hadi nyuzi 7 na kushuka. Mstari huo ulinipa imani kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa ukutani. Daftari la Dar es Salaam lisiloonyesha umeme kukatika hata mara moja lingenitia shaka.

Niliomba pia kuona boksi, kwa sababu virusi vya homa ya mafua hubadilika na chanjo yake hurekebishwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo mara mbili, Februari kwa ajili ya msimu wa kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, na boksi huandikwa ni la msimu upi. Letu lilikuwa la msimu wa kusini wa mwaka huu, na muda wake wa matumizi ulikuwa bado.

Muuguzi alianza kwa kumwamkia mama, akamuuliza kama ana homa siku hiyo, kama ana mzio wowote, na kama aliwahi kudhurika baada ya kuchanjwa. Alieleza kwamba virusi vilivyomo vimeuawa, kwa hiyo haviwezi kumwambukiza ugonjwa, na kwamba kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka.

“Kwa hiyo sitapata mafua tena, mwanangu?” mama aliuliza.

“Ya kawaida utayapata, mama, hayo yanaletwa na virusi vingine. Hii ni ya kukupunguzia hatari ya yale yanayolaza watu hospitali.”

Nimeshasikia chanjo ikinadiwa kama dawa ya kila kitu, kwa hiyo jibu hilo nililipenda. Sindano yenyewe ilimalizika kabla mama hajamaliza kukunja uso, na bomba lililotumika liliingia moja kwa moja kwenye sanduku la manjano.

Malipo ndiyo yaliyonikera. Kwa simu nilitajiwa bei moja, lakini kaunta wakaongeza shilingi 10,000 kwa kila mtu za kumwona daktari, ingawa daktari hatukumwona. Keshia alisema ndio utaratibu. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, nayo ilitolewa baada ya kuiomba mara mbili. Isitoshe, tuliambiwa tusubiri dakika 15 ili tuangaliwe, jambo ambalo ni sahihi kabisa, lakini benchi pekee lilikuwa barazani kwenye jua, mbali na macho ya muuguzi aliyetakiwa kutuangalia. Ilinibidi nimrudishe mama ndani na kumwombea kiti cha mfamasia.

Mkono wa mama uliuma siku moja, wangu siku mbili. Kadi zetu ziliandikwa tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo. Anayetaka kwenda afike kabla ya saa nne asubuhi, foleni ikiwa bado fupi, na asiende Jumapili, kwani famasi huwa wazi lakini muuguzi hayupo.