PhD ya uinjinia onlaini: uzoefu wangu na ule mtihani

Bado nina hasira na siifichi. Nasoma PhD ya uinjinia wa mitambo onlaini huku nimeajiriwa, na mambo ya ada, krediti na masharti ya kujiunga yako kwenye tovuti ya kila chuo, kaangalie mwenyewe. Mi nataka kuongelea mtihani wa kufuzu, ule unaofanya ukimaliza kozi kabla hawajakuruhusu kuingia kwenye utafiti wenyewe, maana hapo ndo nilipojua kuna watu wanaendesha hizi digrii na hawajawahi kujiuliza injinia anafikiria kwa kutumia nini.

Kalamu na karatasi jamani!

Iko hivi, unapakua programu ya kusimamia mtihani, inafunga kila kitu kingine kwenye laptopu, inawasha kamera na maiki, unazungusha kamera chumba kizima waone mpaka chini ya meza, unaonyesha kitambulisho, unaonyesha karatasi zako tupu mbele na nyuma. Hapo sina neno, udanganyifu upo na mimi digrii yangu nataka iheshimike. Swali la kwanza likaja la mtetemo: boriti imeshikwa upande mmoja, upande wa pili uko huru, tafuta frikwensi yake ya asili, yaani inatetemeka mara ngapi kwa sekunde ikiachwa itetemeke yenyewe. Swali nalipenda hilo. Unaanza na ekwesheni ya Euler-Bernoulli, ile ya kupinda kwa boriti, ni ya daraja la nne kwa hiyo unahitaji masharti manne, mawili pale iliposhikwa (haisogei wala haipati mteremko) na mawili kwenye ncha huru (hakuna momenti, hakuna nguvu ya mkato), unayapanga kwenye jedwali, unasema determinanti yake iwe sifuri, mwisho unaipata ile namba 1.875 inayokupa frikwensi ya kwanza, kila aliyesoma mtetemo anaijua. Sasa niambie, kazi hiyo inafanyika kwa kukodolea macho skrini? Unainama, unaandika, unakata, unachora, unainama tena.

Niko katikati ya determinanti kikatokea kiboksi chekundu, macho yako yametoka kwenye skrini. Nikiinua kichwa kinaondoka, nikiinama kinarudi. Ikafika mahali naandika huku naangalia skrini, zile fanksheni za sinh na cosh zimepangana mstari mzima halafu huoni mkono wako unaandika nini, kutoa inageuka kujumlisha, na kwenye hesabu ile alama moja ikikosewa kila kitu chini yake kimeharibika. Na bado haikusaidia. Skrini ikafunga. Kikao kimesitishwa, tabia ya kutiliwa shaka. Na saa ya mtihani pale pembeni inaendelea kuhesabu tu huku siwezi kugusa chochote!

Nikapiga simu ofisi inayohusika na wanafunzi wa mbali. Akapokea dada mmoja, akaangalia kwenye mfumo wake.

"Naona hapa ulikuwa unaangalia chini."

"Ndiyo dada, nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?"

"Majibu ya mtihani."

Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Wenzako hawalalamiki, labda ungechagua kusoma chuoni."

Labda ungechagua kusoma chuoni! Mi mtu mzima, nina kazi, nina watu wananitegemea, na nyie ndo mlionambia onlaini ni digrii ileile, cheti kilekile, walimu walewale. Wale wa chuoni wanakaa ukumbini wanainamia karatasi kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuna anayewaita wezi. Hiyo sentensi bado naisikia mpaka leo, kuliko hata kufungiwa mtihani.

Lakini sasa nikisema onlaini haifai ntakuwa namwonea msimamizi wangu wa utafiti. Yule profesa kwa kweli ni mtu. Tunakutana kwa video saa ambazo kwake ni usiku, anafungua grafu zangu mwenyewe anaziuliza maswali, "meshi hii, hivi vipande ulivyogawia umbo, ulivifanya vidogo zaidi ukaona jibu limetulia, au umeamini tu rangi zimependeza?" Utafiti wangu ni wa simulesheni, yaani majaribio ya ndani ya kompyuta, natuma kazi kwenye klasta ya chuo (kompyuta nyingi zilizounganishwa), inapanga foleni, asubuhi majibu yapo, hapo umbali haunipunguzii kitu. Mwenye utafiti wa maabara, mashine za kupima uchovu wa metali sijui handaki la upepo, huyo aulize kwanza atazigusa lini na wapi. Na msidanganywe na anayejisifia PhD yake ina ithibati ya ABET, lile shirika la Marekani linalothibitisha programu za uinjinia, ABET wanaishia masta, udaktari hawaugusi, unachotakiwa kuangalia ni ithibati ya chuo chenyewe.

Profesa ndo aliyeandika barua, nikarudia mtihani, nikafaulu. Na unajua walifanya nini safari hii? Wakanambia weka simu pembeni kama kamera ya pili, ielekee mikononi. Basi. Nikainama nilivyotaka, kiboksi hakikutokea hata kidogo. Nilifurahi mpaka niliposoma mwongozo wao na kukuta utaratibu huo wa kamera mbili ulikuwepo tangu zamani, ila ni kwa anayeomba, na hakuna aliyewahi kutwambia kwamba unaombwa. Hapo hasira ikarudi upya, tena kubwa kuliko ya mwanzo.

Nilitaka kumalizia kwa kusema nendeni, inawezekana, na kwa upande wa usimamizi wa utafiti bado nasema hivyo. Ila yale maneno "tabia ya kutiliwa shaka" bado yako kwenye faili langu, nimeandika imeili yafutwe, nikajibiwa na mashine kwamba ombi limepokelewa, nikaandika tena, mashine tena. Mpaka yafutwe, na yule dada au bosi wake aniombe radhi, chuo hiki simwelekezi mtu. Na popote unapotaka kwenda, kabla hujalipa, waulize kwa maandishi mtihani wa hesabu za mkono wanausimamiaje.