Silingi ya PVC kwenye bafu la darini: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja na nusu

Bafu liko Arusha, chini ya bati moja kwa moja. Lina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.8, upande mmoja silingi iko mita 2.3 juu, inashuka kwa mteremko hadi ukuta wa mita 1.4. Jipsamu niliikataa mapema, kwa sababu mvuke wa maji ya moto huilainisha na madoa meusi ya ukungu hayachelewi. Nilichukua PVC nyeupe isiyong'aa: kila ubao mita 5.8 kwa sentimita 25, unene milimita 8.

Nimeridhika nayo, ila kwa masharti. PVC yenyewe haina shida na mvuke. Kinachoiharibu ni yaliyo nyuma yake na jinsi inavyofungwa.

La kwanza ni bati. Usiku wa baridi, hasa Juni na Julai, hewa yenye unyevu hugusa bati na kugeuka matone, nayo hudondokea mgongoni mwa silingi. Watu hudhani paa linavuja. Kabla ya PVC, tandika karatasi ya fedha ya kuzuia joto chini ya kenchi, ibaki nafasi ya hewa angalau sentimita 2.5 kati yake na bati. Karatasi ya juu ilalie ile ya chini kwa sentimita 15, ili maji yateremke hadi ukingoni mwa paa. Mchana karatasi hiyo hiyo hupunguza joto, maana PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi.

La pili ni kubana miisho, na hapa mafundi wengi hukosea. Ubao wa mita 2 hurefuka karibu milimita 4 joto likipanda nyuzi 30. Ukiukata ukagusa ukuta pande zote, saa nane mchana utauona umevimba katikati. Acha milimita 5 kila mwisho; ukanda wa pembeni utaifunika. Ukanda huo usiujaze silikoni.

Mbao za miti za inchi 2 kwa 2, za kushikilia PVC, zipigwe kukatiza kenchi, kila sentimita 40. Kwa mteremko wa mita 2 ni mistari 6, jumla mita 14.4. PVC ikapanda kufuata mteremko, na mistari yake inakifanya chumba kifupi kionekane kirefu. Skrubu ipite kwenye ukingo mwembamba ambao ubao unaofuata utaufunika, isipite usoni kamwe. Ngozi ya nailoni inayolinda uso wa ubao ing'olewe kabla ya kufunga; ikishabanwa na ukanda, haitoki yote.

Mteremko ulihitaji vipande 10 vya mita 2, yaani mbao 5 za PVC. Kila ubao ulibakiza mita 1.8, ambayo ilitoa kipande kimoja cha ukuta mfupi, ambao nao niliufunika kwa vipande 10 vya PVC. Vipande 5 vilivyobaki vya ukuta huo vilihitaji mbao 2 zaidi. Nunua 8, maana mmoja lazima upasuke au ukatwe vibaya. Dukani bonyeza kwa kidole gumba: ukibonyea kirahisi, uache.

Sehemu ya kuogea weka marumaru, na iwe upande mrefu ambako mtu anasimama wima. Maji yanayorushwa kila siku hupenya kwenye maungio ya PVC, yakakaa nyuma na kunuka. Choo ndicho kikae chini ya mteremko, ila pima kwanza mahali mtu atakaposimama kichwa kisiguse.

Taa ziwe za LED tu. Feni ya kutoa mvuke bomba lake la milimita 100 litoke hadi nje ya paa. Likiishia juu ya silingi, mvuke wote wa bafu unaupeleka kwenye bati lile lile.

Kwa usafi, kitambaa na maji ya sabuni yanatosha. Petroli na tina (kiyeyushi cha rangi) huondoa rangi ya juu.